2006: tuliuliza kandida alizaliwa wapi, hatukuuliza alifanya nini vitani

Wadogo zetu mulio ku iniversite leo, wengi wenu mwaka wa 2006 mulikuwa hamujaanza hata masomo. Kandida wa uraisi walikuwa 33. Watatu kati yao walitoka moja kwa moja ku vita: Joseph Kabila wa AFDL, Jean-Pierre Bemba wa MLC, Azarias Ruberwa wa RCD. Tangu 2003 walikuwa pamoja ndani ya serikali ya 1+4, Kabila raisi, wale wawili makamu wake. Ni kusema kila mumoja alijua dosie ya mwenzake vizuri sana.

Lakini ugomvi wote ulianguka juu ya mutu mumoja. Wasifu rasmi wa Kabila ulisema alizaliwa Hewa Bora, Fizi, tarehe 4 Juni 1971, akakomea Tanzania, akaingia vita ya AFDL 1996 na kuongoza ba kadogo, kiisha akaenda kusomea jeshi China. Wapinzani wakasema hapana: huyu ni askari wa Rwanda aliyeletwa na James Kabarebe, na jina si lake. Kampeni ya Bemba ikasimama juu ya neno « congolité ». Karatasi ya kumaliza ubishi hakuna aliyeileta, na ingetoka wapi? Jeshi la waasi haliandike askari wake sawa vile Gécamines inaandika watumishi.

Miaka ile ile ya vita ilisomwa namna mbili. Kwetu, Lubumbashi ilichukuliwa na AFDL mwezi wa Aprili 1997, na tarehe 17 Mei Mzee Laurent-Désiré Kabila alijitangaza raisi akiwa hapa hapa. Wengi waliita ile ukombozi. Ku Kinshasa wengine waliona askari wanaosema Kiswahili na Kinyarwanda wakiingia mujini. Matokeo ya Oktoba 2006, Kabila 58,05 %, Bemba 41,95 %, yalikata inchi karibu kabisa kwa luga: mashariki huku, mangaribi kule.

Shiye wa Katanga tungepaswa kuelewa mbio. Ba-jandarme wa Tshombe walikuwa askari wa serikali yao 1960, waasi 1963, wakimbizi Angola, adui wa Mobutu ku Kolwezi 1978, kiisha 1997 baadhi yao wakarudi na AFDL wakiitwa wakombozi. Mutu ni yule yule. Kinachobadilika ni nani anashika redio.

Sheria ya uchaguzi ya Machi 2006 iliomba askari aonyeshe kwamba ametoka jeshini. Ilikataza pia mutu aliyehukumiwa kwa makosa ya vita. Vizuri, lakini nani angewahukumu, wakati wao njo walikuwa serikali? Basi hakuna aliyejibu juu ya wakimbizi Wahutu waliouawa 1996-1997 njiani mwa AFDL, juu ya Kisangani Mei 2002 chini ya RCD, ao juu ya askari wa MLC waliovuka kuingia Afrika ya Kati mwaka ule ule. Ripoti Mapping ya ONU, yenye kuhesabu matukio mazito 617 kati ya 1993 na 2003, ilitoka Oktoba 2010, kura zimekwisha kuhesabiwa zamani. Bemba alihukumiwa na CPI 2016, akaachiliwa 2018, na 2023 akawa waziri wa ulinzi. Mapping mpaka leo haijazaa korti yake.

Kwa maoni yangu, neno « mgeni » liliwafaa wote watatu, hata Kabila mwenyewe: kujibu juu ya mama yako ni rahisi kuliko kujibu juu ya Tingi-Tingi.

Septemba 2025, korti kuu ya kijeshi ilimuhukumu Kabila kifo bila yeye kuwepo, kwa mambo ya M23. Mawakili wa upande wa madai walikuwa wameomba kosa liitwe upelelezi, kwa kuwa, walisema, si Mkongomani. Korti ikaandika uhaini, kosa ambalo katika sheria yetu linamuhusu mwana inchi.