Ruzuku ya maendeleo ya halmashauri (Tanzania)

Ruzuku ya maendeleo ya halmashauri ni fedha ambazo Serikali Kuu ya Tanzania huzipeleka kwa halmashauri za majiji, manispaa, miji na wilaya ili zijenge au kukarabati majengo ya huduma za jamii, kama vile madarasa, zahanati, vituo vya afya na nyumba za watumishi. Tofauti na mkopo, ruzuku hairejeshwi, lakini halmashauri inayoipokea hufungwa na masharti ya kupanga, kutumia na kutoa taarifa.

Tanzania Bara haina serikali za majimbo. Kwa sababu hiyo fedha hutoka Hazina na kwenda moja kwa moja kwenye halmashauri, chini ya usimamizi wa ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Zanzibar ina utaratibu wake, kwa kuwa serikali za mitaa si jambo la Muungano.

Umuhimu wa ruzuku huonekana zaidi katika wilaya za pembezoni zenye mapato madogo ya ndani, mfano Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Huko uamuzi wa kujenga nyumba ya mwalimu katika kijiji kimoja kwa kawaida una maana kwamba kijiji kingine kitasubiri.

Historia

Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na kazi zake zikahamishiwa kwa maofisa wa serikali kuu chini ya mfumo wa Madaraka Mikoani. Mwaka huohuo ilianza Operesheni Kigoma, ambayo iliwahamisha Waha wengi kutoka makazi yaliyotawanyika vilimani na kuwaweka katika vijiji. Vijiji vilivyotokana na uhamisho huo vilihitaji shule, maji na zahanati.

Mamlaka za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zilirudisha pia halmashauri za wilaya, zilizoanza kazi mwaka 1984. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara za 145 na 146 ndizo zinazoweka msingi wa serikali za mitaa. Mwaka 1998 serikali ilitoa waraka wa sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi, na kazi nyingi zikakabidhiwa halmashauri.

Fedha hazikuongezeka kwa kasi ileile. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, iliyojulikana na wengi kama kodi ya kichwa, pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo. Wananchi walipata nafuu, lakini halmashauri za vijijini zilipoteza chanzo kikubwa cha mapato na kuzidi kutegemea Hazina.

Katikati ya miaka ya 2000 ulianzishwa mfumo wa ruzuku ya maendeleo unaogawa fedha kwa kanuni moja nchini kote. Asilimia 70 ya mgawo ilitegemea idadi ya watu, asilimia 20 kiwango cha umaskini na asilimia 10 ukubwa wa eneo. Ili kuipata, halmashauri ilipaswa kutimiza masharti ya chini, kama kuwa na mpango uliopitishwa na hesabu zilizowasilishwa kwa ukaguzi. Iliyofanya vizuri iliongezewa fedha, na iliyoshindwa masharti ilipewa tu ruzuku ya kujenga uwezo. Sehemu ya fedha ilitakiwa ifike kwenye kata na vijiji.

Vyanzo vya fedha

Katika bajeti ya halmashauri, fedha za ujenzi hutoka katika vyanzo mbalimbali:

- Ruzuku ya jumla ya maendeleo: halmashauri huchagua miradi yenyewe ndani ya vipaumbele vya taifa.
- Fedha za miradi ya kisekta: huja zikiwa zimeshapangiwa kazi. Mfano ni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, mradi wa SEQUIP kwa shule za sekondari na mradi wa BOOST kwa shule za msingi.
- Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo: ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na husaidia miradi midogo iliyoanzishwa na wananchi.
- Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF): ulianza mwaka 2000, na katika awamu zake za mwanzo ulijenga zahanati, madarasa na nyumba za walimu kwa kushirikiana na vijiji.
- Mapato ya ndani: ushuru wa mazao, leseni na ada. Asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.
- Nguvu za wananchi: mawe, mchanga, matofali, maji na kazi ya mikono.

Tangu TARURA ianze mwaka 2017 na RUWASA mwaka 2019, barabara za wilaya na maji ya vijijini vimetoka mikononi mwa halmashauri. Fedha za ujenzi zinazobaki chini yake zinahusu zaidi elimu, afya, majengo ya utawala na nyumba za watumishi.

Hatua za kupanga

Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Kupanga huanza miezi mingi kabla ya hapo.

Kijiji. Vijiji hutumia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakazi hutaja fursa walizonazo, vikwazo vinavyowazuia na miradi wanayoitaka kwa mpangilio wa umuhimu. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, huupitisha. Mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, huunganisha mipango ya vijiji. Katika kata ya vijijini kama Kitanga, wilayani Kasulu, hapa ndipo wenyeviti wa vijiji hulinganisha mahitaji yao kwa mara ya kwanza.

Halmashauri. Wizara ya Fedha hutoa mwongozo wa bajeti na ukomo, yaani kiasi cha juu ambacho halmashauri inaruhusiwa kupanga. Wakuu wa idara, chini ya mkurugenzi mtendaji, hupunguza orodha ya kata hadi itoshe ndani ya ukomo na kuingiza mpango katika mfumo wa PlanRep, ambao tangu mwaka 2017 hutumika kwa njia ya mtandao. Kisha mpango hupita kwenye kamati za kudumu, ikiwemo Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwisho kwenye Baraza la Madiwani.

Mkoa na taifa. Sekretarieti ya mkoa hukagua kama mpango unafuata mwongozo. Baadaye TAMISEMI na Hazina huuingiza katika bajeti ya serikali, inayojadiliwa bungeni Dodoma kati ya Aprili na Juni.

Nyumba za watumishi

Nyumba za walimu na wahudumu wa afya huonyesha vizuri ugumu wa kuchagua. Mwalimu au muuguzi anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga hulazimika kuishi mbali na kituo chake, kuchelewa kazini au kuomba uhamisho. Zahanati isiyo na nyumba ya mhudumu huwa vigumu kutoa huduma usiku, hata kama ina dawa na kitanda cha kujifungulia. Hata hivyo, nyumba humnufaisha moja kwa moja mtumishi na familia yake tu, wakati darasa huonekana kuwanufaisha watoto wengi. Kwa hiyo, katika mikutano ya vijiji na hata kwenye baraza, nyumba hushindana kwa shida na madarasa, vyoo na madawati.

Ushindani huo uliongezeka baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, kwa kuwa wanafunzi wengi waliandikishwa na madarasa yakawa hayatoshi. Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, katika mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, kujenga madarasa 15,000 nchini. Mpango huo ulihusisha pia nyumba za watumishi wa afya.

Ili kupunguza gharama, halmashauri hujenga nyumba pacha za familia mbili, maarufu kama mbili kwa moja, au za familia tatu. Kijiji hutoa kiwanja na kwa kawaida huchangia nguvukazi. Ujenzi wa aina hii mara nyingi hufanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti: badala ya kumpa kazi mkandarasi mkubwa, shule au kijiji hutumia fundi wa eneo hilo na kuunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi ya vifaa.

Kasulu na Kibondo

Mkoa wa Kigoma ulikuwa na wakazi 2,127,930 katika sensa ya mwaka 2012 na 2,470,967 katika sensa ya mwaka 2022. Mwaka 2012 wilaya zake ziligawanywa: Buhigwe ilitoka Kasulu, Kakonko ilitoka Kibondo na Uvinza ilitoka Kigoma Vijijini. Kasulu yenyewe ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Mgawanyo huo ulisogeza huduma karibu na wananchi, lakini kila halmashauri mpya ilihitaji makao makuu, ofisi na nyumba za wakuu wa idara, mahitaji yanayoshindana na yale ya vijiji.

Eneo hilo pia limepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Huduma za kambini husimamiwa na UNHCR na washirika wake, wakati vijiji jirani hutegemea halmashauri. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulianza mpango wa pamoja wa Kigoma ili kusaidia pia wenyeji wa wilaya hizo.

Matatizo

Tatizo linalojulikana zaidi ni maboma. Boma ni jengo ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, kwa matumaini kwamba halmashauri itatoa bati, mbao na saruji za kumalizia. Fedha zisipofika, kuta za matofali hubaki bila paa na kuliwa na mvua, ambazo Kigoma huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei. Wananchi waliochangia mara moja bila kuona matokeo hukataa kuchangia tena.

Tatizo la pili ni muda. Ruzuku inayofika miezi michache kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha ni vigumu kuitumia yote. Fedha zinazobaki tarehe 30 Juni hurudi Mfuko Mkuu wa Serikali, isipokuwa kibali cha kuendelea kuzitumia kikipatikana.

Tatizo la tatu ni nafasi ndogo ya uamuzi. Kadiri fedha nyingi zinavyokuja zikiwa tayari zimepangiwa kazi, ndivyo orodha ya kijiji inavyopungua uzito. Kijiji kilichoomba nyumba ya muuguzi kinaweza kupata darasa, kwa sababu mradi uliopo ni wa elimu.

Usimamizi

Kiasi cha fedha zilizopokelewa kinatakiwa kutangazwa kwenye mbao za matangazo za kijiji, shule au zahanati. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, na wakurugenzi huitwa kujibu hoja zake mbele ya Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Mbio za Mwenge wa Uhuru nazo hukagua na kuzindua miradi katika kila halmashauri.

Ulinganisho na nchi nyingine

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ilianzisha ruzuku ya shirikisho kwa maendeleo ya jamii, inayosimamiwa na wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Kwa kawaida miji yenye wakazi 50,000 au zaidi hupata mgawo moja kwa moja. Kila mji huandaa mpango wa miaka 3 hadi 5 na mpango kazi wa kila mwaka, huitisha mikutano ya hadhara na kuwapa wakazi siku 30 za kutoa maoni. Angalau asilimia 70 ya fedha lazima zinufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inazipa kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yanayokokotolewa kwa hesabu zilizokaguliwa. Tanzania Bara haina kiwango cha aina hiyo katika Katiba, hivyo mgawo wa halmashauri huamuliwa kila mwaka kupitia bajeti.