Chumvi, Sukari na Kipimo: Tiba ya Kipindupindu kwa Njia ya Kinywa, 1953–1971

Historia ya tiba ya kurejesha maji mwilini kwa njia ya kinywa husimuliwa mara nyingi kama safari iliyonyooka kutoka maabara hadi kwa mgonjwa. Mfuatano wa matukio unaonesha vinginevyo. Mwaka 1953, Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta alichapisha katika jarida la The Lancet taarifa ya wagonjwa 186 wa kipindupindu kisicho kikali sana, waliotibiwa kwa kunyweshwa maji yenye chumvi na glukosi. Kwa kuwa hapakuwa na kundi la ulinganisho, taarifa hiyo haikubadili utaratibu. Dripu ilibaki kuwa ndiyo tiba.

Mwaka 1960, Robert Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu husafirishwa pamoja kupitia ukuta wa utumbo mwembamba. Maji nayo hufuata. Hata hivyo, ujuzi wa kanuni haukutosha. Katika jaribio lililoongozwa na Robert Phillips huko Manila mwaka 1962, mchanganyiko ulikuwa umekolea mno na baadhi ya wagonjwa walifariki. Mwaka 1968, David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walithibitisha jambo lililokosekana: kiasi anachokunywa mgonjwa hakina budi kulingana na kiasi anachopoteza. Kwa kuzingatia kipimo hicho, mahitaji ya dripu yalipungua kwa takribani asilimia 80.

Bado wengi waliamini kwamba tiba hiyo ilihitaji uangalizi wa hospitali. Imani hiyo ilijaribiwa mwaka 1971 katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh. Akiba ya dripu ilipoelekea kwisha, Dilip Mahalanabis aliagiza lita moja ya maji ichanganywe na gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za baikaboneti ya sodiamu. Ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha. Vifo, vilivyokuwa vimekaribia asilimia 30, vilishuka hadi takribani asilimia 3.6.

Kwa mantiki hiyo, Bangaon haikuvumbua dawa mpya. Ilichothibitisha ni kwamba kipimo sahihi kingeweza kukabidhiwa mikono ya mama, baba au dada, na kwamba kikwazo cha mwisho kilikuwa shaka ya wataalamu juu ya mikono hiyo.