Mafuta ya Tumbo la Mwezi: Kutoka Wanale hadi Kiryandongo

Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka huko Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, ukafukia kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake wengi. Baadaye serikali ya Uganda iliwahamisha mamia ya familia zilizonusurika hadi wilaya ya Kiryandongo, ikawapa ardhi jirani na sisi wakimbizi. Sisi Wakenya tulikuwa tumefika hapa tangu 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, tukipitia kambi ya muda ya Mulanda kule Tororo. Waacholi kutoka upande wa Sudan walitutangulia kwa miaka mingi, na baada ya Desemba 2013 wakaja Wasudani Kusini wengine kwa maelfu. Ndiyo maana leo kwenye bomba moja la maji utamkuta Mgisu, Mkikuyu na Mwacholi wamepanga mitungi.

Kila mmoja wao alikuja na mafuta yake ya kusugua tumbo la mwezi. Wa mlimani na wa Bonde la Ufa tunasifu mbono, wa kaskazini anasifu moo yaa. Historia ya vita na ya ardhi imeandikwa sana. Hii ya mafuta haiandikwi, labda kwa sababu ni mambo ya ndani ya nyumba. Naiandika mimi kama nilivyoifuatilia.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Damu tunaiita hedhi, siku, mwezi. Lakini maumivu yake tunayapa majina ya kukwepa: "tumbo linauma", "naumwa kidogo". Kule Pwani wazee wana neno chango, linalobeba maumivu ya mwezi na matatizo mengine ya uzazi kwa pamoja. Kitu kisicho na jina lake chenyewe ni vigumu kukipeleka kwa daktari. Hilo tulishike, tutalirudia.

Sasa mbono. Ni ule mmea wa majani mapana kama kiganja, unaoota wenyewe kando ya njia na kwenye jalala. Watanzania huuita pia nyonyo au mbarika, Waganda nsogasoga, na sisi Wakikuyu mbariki. Asili yake inadhaniwa kuwa huku kwetu, kaskazini mashariki mwa Afrika. Mbegu zake zimepatikana katika makaburi ya kale ya Misri, na mafunjo ya tiba yaitwayo Ebers, yaliyoandikwa miaka 1550 hivi kabla ya Kristo, yanataja matumizi yake. Mgiriki Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Wamisri wa kwenye mabwawa walijipaka mafuta ya mmea huu na waliyaita kiki. Kwa hiyo ukimwona nyanya anapaka mbono, usidhani ni ushamba. Anafanya jambo lenye miaka zaidi ya 2,400 kwenye maandishi.

Kutengeneza kwake ni kazi ya nguvu. Mbegu hukaangwa, hutwangwa, kisha huchemshwa na maji mengi mpaka mafuta yaelee. Unayaengua, unayachemsha tena peke yake mpaka maji yaishe yote. Ule moto una maana. Mbegu mbichi ya mbono ina sumu kali iitwayo risini, inayoweza kuua mtoto akizitafuna. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, inabaki kwenye makapi, na joto huiharibu. Makapi hayo usimpe kuku wala mbuzi.

Kati ya 2011 na 2013 niliishi Mbale nikitafuta kazi ya kufua, kwa kuwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Nilipanga chumba upande wa Wanale. Mbale iko kwenye mita 1,100 na kitu, na nyuma yake ukingo wa Wanale umesimama kama ukuta, zaidi ya mita 2,000, maporomoko ya maji yakishuka kama nyuzi nyeupe. Wagisu husema Wanale alikuwa mmoja wa wana wa Masaba, babu yao, na mlima ukachukua jina lake. Baridi ya pale si mchezo. Mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tulimwita Maayi, aliniona nimejikunja siku ya kwanza ya mwezi. Hakuuliza mengi. Alipasha mbono kwenye kijiko juu ya makaa, akajipima joto kwenye mkono wake, akanisugua chini ya kitovu na kiunoni, polepole kwa kuzungusha, kisha akaweka kitambaa cha moto juu. Karibu nusu saa. Nililala.

Nilitaka kujua kwa nini ile dawa inafanywa kimya vile, katika nchi ambayo maumivu mengine yanafanyiwa ngoma. Kila mwaka wenye tarakimu shufwa, vijana wa Bugisu hutahiriwa katika imbalu. Uzinduzi hufanyika Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Kijana husimama mbele ya umati, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Mwanaanthropolojia Jean La Fontaine, aliyeishi na Wagisu miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1972 insha kuhusu taratibu za maisha ya wanawake wao. Alionyesha kwamba damu ya kwanza ya binti, ndoa na uzazi vilikuwa na mila zake, na akazilinganisha na tohara ya wanaume. Kwa hiyo jamii haikuwa imepuuza damu ya mwanamke. Lakini mimi naona tofauti moja: mwanaume huvumilia kisu siku moja mbele ya watu na kusifiwa maisha yote. Mwanamke huvumilia tumbo karibu mara 400 katika maisha yake, ndani ya nyumba, na sifa yake ni kunyamaza.

Wamisheni nao hawakuvunja kimya hicho. Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mkewe Katharine aliongoza mafunzo ya wakunga, na shule ya wakunga ya Namirembe ilifunguliwa mwaka 1921. Walifanya kazi kubwa. Ila hofu ya watawala wa wakati ule ilikuwa kaswende na watoto wachache kuzaliwa. Mwanamke alihesabiwa kwenye dawa kwa sababu ya mimba. Maumivu ya mwezi, ambayo hayaui na hayazai, yalibaki kwa nyanya na kijiko chake cha mafuta.

Nyanya wa kaskazini ana mafuta tofauti. Mti wa shea unaota Lango, Acholi, Teso na West Nile, ukavuka hadi Sudan Kusini. Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa. Aina ya huku kwetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na kwenye joto huwa karibu kimiminika. Hupakwa mtoto mchanga, hupakwa mzazi, hupakwa tumbo. Mti huo huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vizuri, na wachoma makaa wameufyeka sana. Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya makaa kaskazini, na shea ikiwa moja ya sababu. Sisi wakimbizi tunaonunua makaa tumo ndani ya hesabu hiyo.

Halafu kuna mafuta ya kiwanda. Pamba ililetwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ikaenea mashariki, na mbegu zake zikakamuliwa mafuta. Kule Kakira, karibu na Jinja, familia ya Madhvani ilifungua kiwanda cha sukari mwaka 1930, ikaongeza mafuta na sabuni. Leo Jinja husafisha mafuta ya mawese, mengine yakitoka mashamba ya Kalangala ziwani. Mafuta hayo yakawa rahisi, yakafika hata kijijini, na wenye kutwanga mbono wakapungua. Kambini nayo tulizoea mafuta ya mgao yaliyoongezwa vitamini A. Yaliletwa kwa ajili ya sufuria, lakini kila mama anajua yalipaka ngozi na matumbo pia.

Basi ni mafuta gani hasa yanayotibu? Hapa historia inahama hadi maabara, na inafaa tuifuate. Kwa muda mrefu madaktari wengi wa Ulaya waliamini maumivu ya mwezi yako kichwani mwa mwanamke. Mwaka 1957, katika mji wa Sheffield, Uingereza, mtafiti Pickles alieleza kwamba damu ya mwezi ina kitu kinachofanya misuli ijikaze. Baadaye ilithibitika kuwa ni kundi la prostaglandini. Tumbo la uzazi linajikamua kutoa utando wake. Prostaglandini zikizidi, linajikaza mpaka damu haipiti vizuri kwenye misuli, na hapo ndipo unapojikunja. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza vitu hivyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na wenzake wawili. Ibuprofeni, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1969, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana inasaidia tumbo la mwezi. Iwe baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza.

Na kusugua je? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambapo wanawake walifungwa tumboni kitambaa chenye joto la nyuzi 39 hivi. Joto peke yake liliwasaidia kiasi cha kulingana na ibuprofeni. Mwaka 2006, Korea Kusini, wanafunzi 67 walishiriki jaribio la kusugua tumbo kwa mafuta yenye lavenda, sage na waridi. Waliopakwa mafuta hayo walipata nafuu kuliko waliosuguliwa kwa mafuta ya lozi matupu. Mwaka 2013 watafiti wa Misri nao walipata nafuu kwa wanafunzi wa uuguzi, wakitumia mdalasini, karafuu, waridi na lavenda ndani ya mafuta ya lozi. Karafuu hiyo ndiyo ile ya Pemba, ambako makonyo yake hukamuliwa mafuta hadi leo. Majaribio haya ni madogo, lakini yanaelekea upande mmoja: joto na mkono vinasaidia, na harufu ya mmea inaweza kuongeza kitu. Mbono wa Maayi ulifanya mengi kwa kuwa wa moto na kwa kuwa mkono wake haukuwa na haraka.

Kuna jambo moja lazima niliseme kwa sauti, maana hapa kambini nasikia mabinti wakishauriana kunywa mbono "ili uchafu utoke". Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba asidi iliyo kwenye mbono hugusa vipokezi vile vile vya prostaglandini vilivyo katika utumbo na tumbo la uzazi, ikavifanya vijikaze. Yaani ukiyanywa, unaongeza mkazo ule ule unaoukimbia, na kuhara juu yake. Kwa mwenye mimba ni hatari. Mafuta haya yabaki nje ya ngozi. Na mafuta makali kama ya karafuu usiyapake matupu, yanachoma. Tone moja au mawili kwenye kijiko cha mafuta ya kawaida yanatosha.

Narudi sasa kwenye lile la jina. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, na mojawapo ilikuwa kugawa vifaa vya hedhi kama utaratibu wa kawaida. Ni ahadi nzuri, na imetufikia: tunapewa pedi, sabuni, ndoo, chupi. Vyote hivyo ni vya kupokea damu na kuifua. Maumivu hayana safu yake kwenye karatasi. Afisa anakuuliza umepata pakiti ngapi, hakuulizi ulikosa siku ngapi shuleni. Na sisi wenyewe hatumsaidii, kwa sababu tumefundishwa kusema "naumwa kidogo".

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Mnapogawa pedi, ulizeni pia kuhusu maumivu, na muandike jibu. Ibuprofeni iwepo kwenye kituo cha afya na kwa mwalimu wa kike anayeaminika. Chupa ya maji ya moto ni kitu cha bei ndogo, na kuni za kuyachemsha mnajua ni shida yetu. Msiwacheke nyanya na mbono wao. Kaeni nao, kwa sababu binti atamwambia nyanya kabla hajamwambia muuguzi.

Kwa nyanya na kina mama, nanyi mjue mpaka wa mafuta. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayokuja hata nje ya siku, damu inayojaza pedi kila saa, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu makali ya upande mmoja kwa aliyekosa mwezi: hayo si ya kusugua. Hayo ni ya hospitali, leo, siyo kesho. Binti akifika pale asiseme tumbo linauma kidogo. Aseme ni tumbo la mwezi, linaanza siku gani, linakaa siku ngapi, na linamlaza kitandani. Mkimsindikiza, msimsemee. Mwacheni alitaje mwenyewe.