Kutoka Korona hadi Kopo la Krimu: Safari ya Mkonge Kuifikia Ngozi

Mwaka 1951 wanakemia watatu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba huko Mill Hill, London, walichapisha taarifa fupi kuhusu kitu ambacho mashamba ya Afrika Mashariki yalikuwa yakikimwaga kila siku. R. K. Callow, J. W. Cornforth na P. C. Spensley walikuwa wamechunguza maji na makapi yanayobaki baada ya mkonge kukobolewa, wakakuta humo kemikali iitwayo hekojenini. Kwa kemikali hiyo ingewezekana kutengeneza kortisoni, dawa iliyokuwa ikisakwa kote duniani na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Haikupita miaka mingi, mabaki ya mkonge yakawa mwanzo wa krimu za ngozi zilizofika hadi kwenye famasia za Voi, Mwatate na Taveta, katikati ya mashamba ya mkonge uleule.

Leo dunia inazungumzia sana mafuta na losheni zenye dondoo za bangi. Matangazo yake yanaahidi ngozi laini, muwasho uliotulia na chunusi zilizokwisha. Kaunti ya Taita Taveta ina sababu ya kuyasikiliza matangazo hayo kwa makini, kwa kuwa mmea mwingine wa nyuzi umekwisha kupita njia hiyo, na historia yake haijasimuliwa vya kutosha kwa watu walioulima.

Anayetoka Voi kwenda Mwatate hawezi kuukosa mmea wenyewe. Safu za mkonge za Teita Sisal Estate, moja ya mashamba makubwa ya zao hilo barani Afrika, zimenyooka kwenye udongo mwekundu hadi chini ya milima. Mkonge ulilimwa Voi pia, na upande wa Taveta mlowezi Ewart Grogan aliuendesha katika mashamba ya Jipe na Ziwani. Jumba lake juu ya kilima cha Girigan bado linatazama tambarare hizo. Ni nchi ya mvua haba, na mkonge unaivumilia kuliko mahindi.

Mmea huu ni mgeni. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida iletwe Tanga, na iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba ya Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukavuka kuingia Kenya, ambako shamba la Punda Milia karibu na Makuyu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Voi ilikuwa tayari na reli ya Mombasa. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaanza kujenga tawi la kuelekea Taveta ili kupeleka askari na silaha kupambana na Wajerumani. Amani iliporudi, tawi hilo likabaki kuwa njia ya mazao, mkonge ukiwamo.

Kazi ya mkonge ni ngumu tangu shambani. Mkataji huondoa ncha yenye mwiba, hukata jani karibu na shina, kisha hufunga matita ya kupelekwa kwenye korona, yaani kiwanda cha kukobolea mkonge. Huko mashine hulisaga na kulikwangua jani huku maji mengi yakimwagwa, nyama ya jani ikaondoka, zikabaki nyuzi nyeupe za kuanikwa juani. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, katani kavu inayopatikana ni kama kilo 3 au 4. Zilizosalia ni maji ya kijani na makapi.

Maji hayo wanayajua vizuri waliofanya kazi korona. Yanawasha. Ndani ya majani ya jamii hii ya mimea mna fuwele ndogo sana za kalisi, zenye umbo la sindano, ambazo hupenya ngozi na kuacha vipele na wekundu. Kwa miongo mingi mfanyakazi wa mkonge aliyajua maji ya korona kwa mikono yake iliyovimba na harufu ya mitaro. Hakuna aliyemwambia kwamba katika maji hayohayo mna kiungo kinachoweza kugeuzwa kuwa dawa ya kutuliza ngozi.

Habari hiyo ilianzia mbali, kwa watu wenye baridi yabisi. Mwezi Septemba 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kortisoni mgonjwa ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa. Baada ya siku chache mgonjwa akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Hospitali kila mahali zikaitaka dawa hiyo, lakini kuipata kulikuwa kazi kubwa: kampuni ya Merck iliitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30 za kikemia, na kila hatua ilipoteza sehemu ya mali.

Wanasayansi wakageukia mimea. Mmarekani Russell Marker alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1940 kwamba viazi vikuu vya porini vya Meksiko vina kemikali inayoweza kubadilishwa kuwa homoni. Viazi hivyo viliijenga sekta nzima ya dawa nchini humo. Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba wa dola, haikutaka kutegemea malighafi ya Marekani wala Meksiko. Ilitafuta mmea unaokua ndani ya himaya yake, na ndipo macho ya watafiti wa Mill Hill yalipotua kwenye mitaro ya mkonge ya Afrika Mashariki.

Ubora wa hekojenini ulikuwa katika umbile lake. Kortisoni inahitaji oksijeni mahali maalumu kwenye molekuli yake, na kuipachika hapo ndiko kulikowasumbua wanakemia. Hekojenini tayari ina oksijeni jirani kabisa na mahali hapo, kwa hiyo safari ya maabara ilifupika. Maji ya mkonge yaliachwa yachache kwa siku kadhaa, tope likatuama, likachemshwa kwa asidi na kukaushwa. Unga uliopatikana ulisafirishwa Uingereza, ambako kampuni ya Glaxo iliutumia kutengeneza kortisoni na jamaa zake. Cornforth, mmoja wa wale watatu wa mwaka 1951, alipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1975 kwa utafiti mwingine.

Ngozi iliingia katika hadithi hii mwaka 1952. Madaktari Marion Sulzberger na Victor Witten wa New York walionyesha kwamba haidrokortisoni, ndugu wa kortisoni, ikipakwa juu ya ngozi hutuliza ukurutu na uvimbe bila mgonjwa kumeza kidonge. Kabla ya hapo wagonjwa wa ngozi walitegemea zaidi marhamu za lami na salfa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Glaxo ikatoa Betnovate, krimu ya betamethasoni yenye nguvu kubwa zaidi, na mkonge ulikuwa miongoni mwa malighafi zilizoiwezesha. Watoto waliokesha wakijikuna waliweza kulala. Hiyo ni faida kubwa, na haipaswi kusahauliwa kwa sababu ya mabaya yaliyofuata.

Mabaya nayo yapo. Krimu hizi zikipakwa muda mrefu hupunguza rangi ya ngozi, na wapo waliozigeuza kuwa vipodozi vya kujichubua. Ngozi ikizoea, hukonda, mishipa ikaonekana, michirizi ikatokea, na majeraha yakachelewa kupona. Mtumiaji akiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba kuliko mwanzo, naye hurudi kwenye kopo. Nchini Kenya betamethasoni ni dawa ya kuandikiwa na daktari, chini ya usimamizi wa Bodi ya Famasia na Sumu, lakini krimu zenye steroidi, yaani dawa za jamii ya kortisoni, bado hufika mikononi mwa watu kama losheni za kawaida. Ukaguzi wa maduka na elimu kwa vijana ni mambo ya haraka, kwa maana ngozi iliyoharibiwa hivyo haiponi kwa urahisi.

Mashamba yenyewe yalikuwa yakiishi kwa bei ya kamba. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java, vyanzo vingine vya nyuzi za kamba, mwaka 1942, katani ya Afrika Mashariki ikawa mali ya vita. Vita vya Korea vikaipandisha tena bei mwaka 1951, mwaka uleule wa taarifa ya Mill Hill. Katika miaka ya 1960 kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakafungwa. Viwanda vya dawa navyo vikapata njia nyingine, zikiwamo za kutumia vijidudu na mafuta ya soya. Faida ya krimu ilibaki kwenye nchi zenye maabara. Wakulima na wakataji waliendelea kulipwa kwa uzito wa nyuzi na idadi ya matita.

Hapo ndipo bangi inapohusika. Katika biashara ya kamba za meli mkonge ulishindana na nyuzi za bangi, yaani katani ya Ulaya, inayotokana na spishi ileile ya Cannabis sativa isipokuwa kwamba aina hiyo haina ulevi wa maana. Kiungo chake kinachotajwa sana kwenye vipodozi, kanabidioli, kilitengwa na Roger Adams mwaka 1940, na Raphael Mechoulam wa Israeli akaubaini muundo wake mwaka 1963. Utafiti wa awali unaonyesha kwamba kinaweza kupunguza uvimbe na mafuta ya ngozi, ila majaribio makubwa kwa binadamu bado ni machache kulinganisha na ahadi za wauzaji. Mnunuzi anapaswa pia kujua kwamba mafuta ya mbegu za bangi hulainisha ngozi kama mafuta mengine ya mbegu, na kanabidioli ndani yake ni kidogo mno.

Nchini Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inakataza kulima, kumiliki na kuuza bangi. Mjadala hata hivyo umepamba moto: mwaka 2021 Warastafari walikwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kuitumia, na mwaka 2022 George Wajackoyah aliwania urais akiahidi kuihalalisha na kuiuza nje. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25. Mwaka huohuo Rwanda iliidhinisha kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje.

Kuuza nje ndiko kunakohitaji kuangaliwa. Mkonge wa Afrika Mashariki uliuzwa nje kwa miongo mingi, na thamani yake kubwa ikatengenezwa kwingine. Kama Kenya itaamua siku moja kuruhusu mimea ya aina hiyo kwa dawa au vipodozi, maabara, wakemia na viwango vya ubora vitapaswa kuwekwa nchini kabla ya shamba la kwanza kupandwa.

Mkonge hauhitaji kusubiri sheria mpya. Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge. Wanawake wa Kasigau, kusini mwa Voi, husuka vikapu vya katani vinavyonunuliwa ng'ambo, na nyuzi hizohizo hutoa madodoki na glavu za kusugulia mwili zinazouzwa kwa bei nzuri kwenye hoteli. Kutoka hapo hadi sabuni na marhamu zilizopimwa, zenye nembo ya Taita Taveta, kunahitajika mtaji, mafunzo na maabara ndogo ya kaunti.