Linakula mafuta kiasi gani? Historia fupi ya swali la Mwanza

Kuna swali ambalo hapa Mwanza huulizwa kabla ya bei ya gari, kabla ya rangi, kabla hata ya kuuliza kama kadi ipo: linakula mafuta kiasi gani? Siku hizi swali hilo limepata moto mpya kwa sababu magari ya haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, yameanza kuonekana mpaka Buzuruga na Igoma. Watu wanadhani kubana mafuta ni habari mpya iliyokuja na Prius na Aqua. Hapana. Mji huu umekuwa ukihesabu lita tangu babu zetu, na sababu zake hazikuwa mazingira wala hewa ukaa. Tulikuwa mbali na bahari, basi.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miaka mingi mafuta yetu yalikuja kwa mabehewa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100. Kila lita iliyofika ziwani ilikuwa imeshalipiwa nauli. Hata leo ukiangalia bei kikomo za EWURA, zilizoanza kutolewa Januari 2009, utaona Mwanza iko juu ya Dar kwa sababu hiyohiyo. (Na hadi leo kituo chochote cha mafuta tunakiita sheli, hata kama kampuni ni nyingine kabisa. Shell waliacha jina, bei wakaichukua wengine.)

Miaka ya 1970 ndiyo iliyowafundisha wazazi wetu adabu. Bei ya mafuta ghafi ilipanda duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya 1973, fedha za kigeni zikawa hazipo, na Serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwulize mzee yeyote aliyekuwa na Peugeot 404 au Volkswagen ya mgongo wa kobe, atakueleza jinsi harusi zilivyokimbizwa ili wageni wawahi nyumbani. Na gari lenyewe hukununua tu kwa kuwa una hela. Ilibidi upate kibali, na mwagizaji alikuwa Shirika la Magari la Taifa, SMC. Ukipewa gari ulilitunza kama mtoto wa mwisho. Kuteremka mlima wa Bugando watu walizima injini wakaacha gari lijisukume lenyewe. Ni hatari tupu, lakini walifanya.

Halafu ikaja vita ya Kagera. Hapa pana kisa ambacho vijana wengi wa Mwanza hawakijui, na mimi nakiona ndicho kinachoeleza thamani ya mafuta katika mji huu kuliko kitabu chochote cha uchumi. Mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya kivita ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, iliruka hadi Mwanza. Shabaha yake haikuwa kambi ya jeshi wala Ikulu ndogo. Ilikuwa maghala ya mafuta. Mabomu yalikosea, yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa waliokuwa wamehifadhiwa pale. Swala wa Saanane walikufa kwa ajili ya petroli yetu! Leo kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa, tangu 2013, na watu huenda kupiga picha juu ya mawe bila kujua.

Vita ikaisha, Mwalimu akaomba miezi 18 ya kufunga mikanda, na mikanda ikafungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Wengi husema milango ya magari ilifunguliwa na Mzee Ruksa. Si sahihi sana. Ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha zako mwenyewe za kigeni ilitolewa kwenye bajeti ya 1984, waziri wa fedha akiwa Cleopa Msuya na Mwalimu bado yuko madarakani. Mzee Mwinyi aliingia Novemba 1985 na kuupanua mlango huo hadi bawaba zikalia. Pikapu zikaingia, kisha mitumba ya Japani, ambayo ilitufaa kwa sababu Waingereza walituachia kuendesha upande wa kushoto kama Wajapani.

Sasa tufike kwenye haibridi. Toyota walizindua Prius huko Japani Desemba 1997, mwezi uleule mataifa yalipokutana Kyoto kujadili joto la dunia. Ufundi wake ukiondoa mbwembwe ni huu: ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, ukisimama kwenye foleni, injini inajizima. Huchomeki popote. Yaani wale wazee waliokuwa wakizima injini mteremko wa Bugando, Wajapani wamewatengenezea mashine inayofanya hivyo kwa usalama, na breki zinabaki.

Kuna jambo linanichekesha. Mafundi wengi mjini watakwambia "mimi haibridi sigusi". Lakini injini ya Prius za mwanzo, na ya Aqua iliyotoka Desemba 2011, inaitwa 1NZ-FXE. Ile iliyomo kwenye IST ya sisi 1500, gari ambalo fundi huyohuyo analifungua akiwa amefumba macho, ni 1NZ-FE. Ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye ya haibridi vali za kuingiza hewa huchelewa kufunga. Nguvu inapungua kidogo, mafuta yanapungua zaidi, na pengo la nguvu linazibwa na mota. Kwa hiyo nusu ya gari tunaijua siku nyingi. Tunachoogopa ni betri.

Na Serikali? Kwa miaka mingi ushuru wetu wa magari ulipimwa kwa sisi za injini na umri wa gari. Vitz ya sisi 1000 ilionekana ndiyo mnyenyekevu, na Aqua ya sisi 1500 ikawekwa kundi moja na magari yanayokula karibu mara mbili yake. Kanuni haikuuliza lile swali la mwana-Mwanza. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, unaoziumiza haibridi za zamani ambazo ndizo mfuko wa mwalimu au muuguzi unazifikia. Lakini bajeti ya 2017 ilifanya kitu ambacho naona hakikupewa uzito wake: ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, iliyokuwa ikienda kwa ukubwa wa injini, na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita. Tangu siku hiyo anayechoma kidogo analipa kidogo. Kisha 2022 petroli ikapita shilingi 3,000, mpaka Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni. Hapo ndipo haibridi zilipoacha kuwa gari la waliorudi kutoka ughaibuni.

Nisingeandika yote haya kama si dada yangu mkubwa. Yeye ni muuguzi, anakaa Kisesa, ana watoto 3, na amechanga fedha ya kununua gari moja. Moja tu, hakuna jaribio la pili. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mwandishi, niambie ninunue IST kama watu wote au hilo la umeme nusu?"

Tukapiga hesabu. Kwenda na kurudi na mizunguko ya shule, kilomita 40 kwa siku, siku 26, inafika kilomita 1,040 kwa mwezi. IST ikienda kilomita 13 kwa lita, ni lita 80. Aqua ikienda 20, ni lita 52. Tofauti ni lita 28. Kwa shilingi 3,000 ni 84,000 kwa mwezi, milioni moja na kitu kwa mwaka. Kwa mshahara wa dada, hiyo ni ada na sare.

Lakini betri ikifa, utalipa milioni, si laki. Betri ya Aqua ina vipande 20, ya Prius ya pili 28, na mafundi wengine hubadilisha kile kibovu tu. Gari linatembea, halafu baada ya muda kipande jirani kinafuata. Na betri inapozwa kwa hewa inayovutwa kupitia kitundu karibu na kiti cha nyuma, palepale watoto wanapotupa begi, sweta na maganda ya karanga. Ongeza vumbi la Kisesa. Kuna watu wamekwangua akiba ya miaka 2 kwa sababu ya kitundu kilichozibwa na sweta la shule.

Ushauri wangu ulikuwa huu: chukua Aqua, ila kabla ya kutuma hela Japani tafuta fundi mwenye kompyuta ya kusoma kila kipande cha betri, na umwone akifanya kazi hiyo. Dada alikwenda Nyakato Jumamosi mbili. Fundi wa kwanza alimwambia haibridi ni ugonjwa. Wa pili alikuwa amefungua betri ya mtu mezani, vipande vyote vimepangwa, namba za volti zimeandikwa kwa chaki juu ya kila kimoja, na vinne vimewekwa pembeni. Dada akamwuliza hivyo vinne amevipata wapi vipya. Fundi akasema si vipya, vimetoka kwenye gari lililopata ajali. Dada amerudi nyumbani, hela bado iko benki, na ameniomba nimtafutie bei ya betri nzima.