Wakfu wa Minazi, Wakfu wa Dola

Ukizunguka shule za msingi za Kwale, kuanzia Waa mpaka Vanga, utasoma historia ya hela kwenye kuta zake. Darasa hili lina kibao cha serikali ya kaunti, lile la hazina ya eneo bunge. Tangi la maji lina nembo ya shirika, vyoo vina bendera ya nchi ya nje. Na maktaba, kama ipo, ina jina la familia ambayo hakuna mtoto hata mmoja pale amewahi kuiona. Nimekuwa nikivisoma vibao hivi na daftari langu mkononi tangu nilipoacha chuo kikuu, na kuna neno moja ambalo haliniachi: wakfu.

Siku hizi taasisi yoyote yenye hela za kugawa, ikija kwa Kiswahili, inaitwa wakfu. Benki ina wakfu wake, kampuni ya simu ina wakfu wake, hata mwanasiasa akiwa na kalamu mbili za kugawa anafungua wakfu. Sawa, lugha inakua. Lakini huku kwetu pwani neno hili si la juzi, na lilikuja na masharti.

Mtu aliyetaka thawabu zisizokatika alichukua shamba lake la minazi, au nyumba, au kisima, akatamka mbele ya mashahidi kwamba kuanzia leo mali hii haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Shina limefungwa. Kinachotumika ni matunda tu. Nazi zikiangushwa zinauzwa, pesa zinanunua mafuta ya taa ya msikiti, mikeka, na posho ya mwalimu wa chuo, yaani chuo chetu cha Kurani, si kile nilichokiacha mimi. Asili ya sharti hili Waislamu wanaijua, ni kisa cha Sayyidna Umar na shamba lake la Khaybar. Uzuri wake uko kwenye wakati. Mwalimu akifa anakuja mwingine, mnazi ukianguka unapandwa mwingine, na mtoto aliyezaliwa miaka mia baadaye anasomeshwa na nazi za mtu asiyemjua hata jina. Wakoloni walizikuta mali hizi wakazitungia sheria, na mpaka leo Kenya ina Makamishna wa Wakfu, ofisi yao Mombasa, wakifanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1951.

Sisemi wakfu wa kale ulikuwa malaika. Kuna mashamba yaliyoliwa na wasimamizi, kuna viwanja vilivyogeuka maduka. Lakini kanuni yenyewe ilikuwa wazi: mwenye kutoa ameshatoa, hawezi kurudi mwaka wa tatu kusema mradi umefika mwisho.

Mradi umefika mwisho. Maneno haya nayajua vizuri. Nilisoma chuo kikuu miaka miwili kwa ufadhili wa shirika moja, na siku moja nikapokea barua ya aya tatu yenye maneno hayo hayo. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeiba. Hela ziliisha tu, kwa sababu ziliwekwa ili ziishe.

Sasa hebu tuende Mkwiro. Kisiwa cha Wasini kiko ng'ambo ya Shimoni, ni kirefu na chembamba, na vijiji vyake vikubwa ni viwili. Kijiji cha Wasini kiko magharibi, Mkwiro kiko mashariki. Hakuna mto, na kwa karne nyingi watu waliishi kwa maji ya mvua. Kuna msikiti, kuna chuo, kuna shule ya msingi ya serikali. Kila kinachoingia shuleni, kuanzia chaki hadi mwalimu, kinavuka maji kwanza.

Kwani serikali haitoi hela? Inatoa. Karo ya shule za msingi ilifutwa Januari 2003, na mgao rasmi wa miaka ya karibuni ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Piga hesabu. Shule yenye watoto 1,000 inapata shilingi 1,420,000. Shule yenye watoto 200 inapata 284,000. Lakini gharama nyingi hazijui kugawanyika kwa tano. Paa likivuja linavuja lote. Mgao wa kichwa kwa kichwa unaipenda shule kubwa ya mjini, na kisiwa hakina namna ya kuongeza vichwa.

Na hapo tumezungumzia vitabu na chaki tu. Vile vitu vinavyomfanya mtoto aipende shule ndivyo vya kwanza kukatwa: kwaya, michezo, maktaba, kompyuta, ziara. Tamasha la muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, linakaribia miaka mia, na kila mwaka shule zinakwenda kuimba na kukariri mashairi. Shule ya Ukunda inakodi matatu. Shule ya Mkwiro inakodi boti mpaka Shimoni, halafu gari la kilomita zipatazo 15 kufika barabara kuu ya Lunga Lunga, ndipo safari yenyewe inaanza. Mtoto wa kisiwani anaweza kuwa na sauti ya kushinda mkoa mzima na isisikike kwa sababu ya nauli. Pengo hili ndilo wafadhili wanalokuja kuziba.

Wafadhili wenyewe hawakuanza jana. Mwaka 1907 mama mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi kule kusini mwa Marekani. Hela zile zililipa walimu wa kuzunguka, waliopita shule hadi shule wakiongeza kile ambacho serikali za majimbo hazikutoa: kazi za mikono, afya, bustani. Wa kwanza kujulikana kwa kazi hiyo alikuwa Virginia Randolph, wa kaunti ya Henrico, jimbo la Virginia. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na Mghana maarufu James Aggrey akiwa ndani yake. Tume iliupenda mfano huo wa Marekani. Mwaka uliofuata, 1925, Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kwa msaada wa Carnegie Corporation ya New York. Walimu walikwenda pale na wake zao, wakajifunza, wakarudishwa vijijini kuzungukia shule. Baadaye uwanja ule ukawa chuo cha utawala, na leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya.

Kwa hiyo mpango wa taasisi ya nje kulipia nyongeza kwenye shule zetu una miaka mia moja, na ugomvi wake una umri huo huo. Wapo walioona neema. Wapo waliouliza: kwa nini mtoto wa Kiafrika afundishwe choo na bustani wakati mtoto wa Mzungu anafundishwa hesabu na Kilatini? Nyongeza ya nani, na nani ameamua tumepungukiwa nini? Anayelipia nyongeza huwa na kalamu ya kuandika mtoto atakuwa nani.

Huku pwani swali hilo lilikuwa na ncha ya pili. Elimu ya kikoloni ilishikwa sana na wamisheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto ataingia shule na jina moja atoke na lingine. Wakabaki na chuo, na pengo la masomo likakua kizazi baada ya kizazi. Miaka ya mwanzo ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwendea Aga Khan, wakaomba msaada ili watoto wao waweze kuingia shule nzuri na kufanya vyema. Kazi ikaangukia mikononi mwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Badala ya kujenga kitu kipya pembeni ya madrasa, mpango uliingia ndani ya madrasa yenyewe. Wanawake wa mtaa wakafunzwa ualimu wa chekechea, vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vifuu, mbegu na makuti, nyimbo za Kiswahili zikakaa pamoja na dua. Skuli ya kwanza ilianza Mombasa mwaka 1986, mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993.

Kuna sehemu ya mpango huo ambayo haitajwi sana, na kwangu ndiyo tamu zaidi. Wakfu wa Aga Khan ulijua hautakaa kijijini milele. Basi jamii ilichanga kidogo, wakfu ukaongeza, hela zikawekezwa pamoja na za jamii nyingine, na skuli ikawa inapokea faida tu. Shina limefungwa, matunda yanatumika. Yaani baada ya safari yote ya Philadelphia na New York na Kabete, tukarudi kwenye shamba la minazi.

Sitaki kusema wengine wote hawafai. Katikati ya miaka ya 2000 Global Vision International, shirika lenye mizizi Uingereza, liliweka vijana wa kujitolea hapo hapo Mkwiro. Wengine walihesabu pomboo kwenye mkondo wa Wasini, wengine wakaingia darasani kufundisha Kiingereza. Mtoto anayezungumza na mgeni kila siku anapata ujasiri, hilo halina ubishi. Lakini kalenda ya mtu wa kujitolea ni ya wiki, na ya mtoto ni ya miaka. Anapoizoea sauti ya mwalimu mmoja, mwalimu yuko uwanja wa ndege.

Hata hela nzito zina kalenda. Kwa zaidi ya muongo mmoja Base Titanium ilichimba madini ya mchanga hapa Kwale, na katika hisani yake kulikuwa na madarasa na ufadhili wa masomo. Desemba 2024 uchimbaji ulikwisha, kwa sababu madini yenyewe yaliisha. Mgodi ni kinyume cha mnazi. Ukila matunda ya mgodi, umekula shina.

Jibu jingine liko Gazi, kati ya Ukunda na Msambweni. Miaka ya 1970 mikandaa ya ghuba ile ilikatwa sana kwa kuni za viwandani. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walianza kupanda upya, na mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza mradi wa Mikoko Pamoja. Vinalinda hekta 117, hewa ya ukaa inayozuiliwa inapimwa, na stakabadhi zake zinauzwa ng'ambo. Hela zinarudi kila mwaka, na wanakijiji wanakaa barazani kuamua: mwaka huu vitabu, mwaka huu maji, mwaka huu darasa. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu walianza mradi wao wa aina hiyo.

Kifiqhi huu si wakfu, na mashehe wasinikamate. Mkataba wake una miaka, na bei ya hewa inapangwa na watu wasiojua Gazi iko wapi. Lakini tazama umbo lake. Mkandaa haukatwi, haugawanywi. Kinacholiwa ni matunda, na anayeamua yaliwe vipi ni mwenye mtoto shuleni.

Tuliache bara, turudi kisiwani, kwa sababu Mkwiro nayo ina shina lake, na liko majini. Tangu miaka ya 1970 eneo la Kisite lililo mbele ya kisiwa ni hifadhi ya taifa ya baharini, na ndani yake uvuvi ni marufuku. Wavuvi waliambiwa bahari ile imefungwa kwa faida ya vizazi vijavyo. Hayo ni maneno ya wakfu kabisa, ila matunda, yaani ada anayolipa mtalii kuona pomboo na matumbawe, yanakwenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mkwiro ilitoa shina, na shule yake bado inasubiri mfadhili.

Na mtu asiniambie kisiwa hakiwezi kusimamia hela. Upande wa magharibi, kina mama wa Wasini wana daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe. Mgeni analipa, anatembea, anapiga picha, anaondoka, na sehemu ya mapato imesaidia masomo ya watoto wa kijiji. Hakuna kibao kikubwa pale, wala familia ya ng'ambo.

Kwa hiyo mfadhili mwingine akishuka Shimoni na boksi za kompyuta, apokewe vizuri, apewe madafu. Kisha mwalimu mkuu na wazazi wamuulize swali ambalo mababu zao wangemuuliza mtu yeyote aliyetamka neno wakfu: umekuja kutupa nazi, au umekuja kupanda mnazi? Na kama ni mnazi, ukishaondoka, nani ataukwea?