Anayesemwa na Anayesema: Wahusika wa Mapenzi ya Jinsia Moja katika Televisheni

Televisheni ilianza kurusha matangazo nchini Burundi mwaka 1984. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Uganda tangu 1963, Kenya tangu 1962, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Sisi tuliokuwa watoto wa Buyenzi katika miaka hiyo ya mwanzo twakumbuka jinsi tulivyokusanyika kwa jirani mwenye chombo hicho, wakubwa vitini na wadogo sakafuni, tukitazama watu tusiowajua na kuwacheka au kuwalilia kama jamaa zetu. Hivyo ndivyo mhusika anavyoingia nyumbani: hapigi hodi, na akiisha kuondoka huacha kwa watoto namna ya kuwatazama watu wengine.

Sisi walimu wa lugha tumezoea kuwauliza wanafunzi wetu maswali matatu juu ya mhusika yeyote. Je, anasema mwenyewe au anasemwa na wengine? Anapewa kazi gani katika hadithi? Na mwisho wake ni upi? Katika makala haya nakusudia kuyatumia maswali hayo kwa mhusika ambaye aghalabu tunampita kimya darasani, yaani mtu ampendaye mwenzake wa jinsia moja. Sikusudii kutoa hukumu ya dini wala ya sheria, kwani wenye kazi hiyo wapo. Nataka kuonyesha jambo moja la historia: kwamba mhusika huyo amevumiliwa maadamu anachekwa au anaadhibiwa, na kwamba ugomvi mkubwa umezuka pale alipoanza kusema kwa kinywa chake na kubaki na tumaini mwishoni.

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa filamu na tamthilia nyingi za kwanza kuonyeshwa katika nchi zetu zilitoka ng'ambo. Watengenezaji wa filamu wa Marekani walijiwekea kanuni mwaka 1930, nazo zikatekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi zilipoachwa mwaka 1968. Kanuni hizo zilikataza hata kudokeza mapenzi ya namna hiyo. Zilipolegezwa kidogo mwaka 1961, ikatoka filamu iitwayo The Children's Hour, inayowahusu walimu wawili wa kike waliozushiwa jambo na mwanafunzi wao. Mmoja wao anapokiri kwamba kweli anampenda mwenzake, hapewi nafasi ya kuishi na ukweli huo, anajinyonga. Mhusika aliruhusiwa kuingia mlangoni, lakini kwa sharti la kutoka akiwa maiti.

Katika televisheni mambo yalichukua njia nyingine, njia ya kicheko. Mwezi Februari 1971 mfululizo wa vichekesho wa Marekani uitwao All in the Family ulikigeuza kicheko hicho kimfuate mwenye kucheka. Baba wa nyumba, Archie, anamdhihaki kijana mwenye maringo na sauti laini, akiamini kwamba ni mtu wa namna ile. Baadaye anagundua kwamba kijana huyo siye, na kwamba aliye ni rafiki yake mwenyewe, mwanamume wa miraba minne aliyewahi kuwa mchezaji wa mpira. Somo lilikuwa wazi: sauti na mwendo wa mtu si ushahidi wa lolote. Nchini Uingereza, mwaka 1986, tamthilia ya EastEnders ya shirika la BBC ilimwingiza mhusika Colin, mtu wa kawaida mwenye kazi na majirani. Mwaka uliofuata alipombusu mwenziwe kwenye paji la uso, magazeti yalipiga kelele kana kwamba nyumba imeungua. Mwaka 1997, huko Marekani, mhusika mkuu wa mfululizo wa Ellen alijitangaza mwenyewe, na mwigizaji wake naye akafanya hivyo katika maisha yake halisi. Watu wapatao milioni 42 walitazama. Mfululizo huo ulikomeshwa mwaka uliofuata.

Barani Afrika, nchi iliyotangulia ni Afrika Kusini. Tamthilia ya Isidingo, ambayo watazamaji wa Tanzania waliifahamu vizuri kupitia kituo cha ITV, ilionyesha ndoa ya wanaume wawili mwaka 2006, mwaka ule ule sheria ya Afrika Kusini ilipoiruhusu ndoa hiyo. Hapo mhusika alikuwa na ndugu, shida na furaha kama wahusika wenzake.

Kwetu Afrika ya Mashariki historia ni fupi, nayo yafundisha mengi. Mwezi Desemba 2012 kituo cha NBS cha Kampala kilimwalika Pepe Julian Onziema, mtetezi wa haki za watu hao, katika kipindi chake cha asubuhi. Mtangazaji alifungua mazungumzo kwa kumwuliza kwa nini yuko vile. Baadaye akaingia mchungaji wa kumpinga, na studio ikajaa makelele. Kipande cha mazungumzo hayo kimezunguka dunia nzima, na hata leo vijana wa Bujumbura hulirudia swali la mtangazaji kwa kicheko. Lakini mwulize yeyote kati yao mgeni alijibu nini. Wachache mno watakumbuka. Swali limebaki, jibu limepotea. Mtu aliitwa mbele ya kamera ili aseme, akaondoka akiwa amesemwa.

Jambo hili latugusa sisi watu wa Kiswahili kwa namna ya pekee, maana hata msamiati wetu umejengwa hivyo. Shoga, katika mazungumzo ya wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa karibu. Mwanamke humwita mwenziwe "shoga yangu" bila ya dhana nyingine yoyote. Neno hilo hilo, mitaani na magazetini, hutumika kumtaja mwanamume apendaye wanaume, mara nyingi kwa dharau. Hanithi lina asili ya Kiarabu, na humtaja pia mwanamume aliyekosa nguvu za kiume. Msenge ni tusi tupu. Takriban yote ni majina ambayo mtu hupewa na wengine. Ni vigumu kupata moja alilojichagulia mwenyewe. Na ajabu ni kwamba sarufi yetu haina ubaguzi huo. Tukisema "anampenda", kama Warundi wasemavyo "aramukunda", hatuambiwi kama mpendaji ni mwanamume au mwanamke, wala mpendwa ni nani. Kifaransa hakina budi kumtaja mpendaji kwa jinsia yake. Kiswahili huacha kimya, na picha ndiyo inayofichua.

Pengine ndiyo sababu mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliiita filamu yake Rafiki. Ni neno lisilobagua jinsia, na ndilo watu wengi hulitumia wanapomjulisha kwa wazazi yule wasiyethubutu kumwita mpenzi. Filamu hiyo imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inawahusu Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi ambao baba zao wanapingana katika uchaguzi wa mtaa. Wasichana hao wanapendana, wanagunduliwa, wanapigwa na kundi la watu, kisha wanatenganishwa.

Rafiki haikuwa ya kwanza kugombana na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya. Mwezi Oktoba 2014 bodi hiyo ilipiga marufuku Stories of Our Lives, filamu ya hadithi fupi tano zilizotungwa kutokana na masimulizi ya Wakenya wenyewe. Mwezi Juni 2017 ikaamuru katuni kadhaa za watoto ziondolewe katika televisheni ya kulipia, zikiwemo The Loud House na The Legend of Korra. Katika ile ya kwanza, kosa lilikuwa baba wawili wanaomleta mtoto wao akalale kwa rafiki yake. Hawakubusiana, hawakuhubiri, walikuwa wazazi tu.

Rafiki yenyewe ilipigwa marufuku mwezi Aprili 2018, majuma machache kabla ya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilimtaka abadili mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Msomaji na atafakari hapo. Kipigo hakikuwa tatizo. Machozi hayakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba mwishoni, baada ya miaka, yule aliyepelekwa mbali anarudi, na mtazamaji anaachwa akitarajia. Mwezi Septemba 2018 Mahakama Kuu iliruhusu filamu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwezi Aprili 2020 mahakama hiyo ikaliunga mkono katazo.

Hapa Burundi hatujawa na ugomvi wa filamu kama huo, ila tumekuwa na ugomvi wa sheria. Mwezi Februari 2009 Baraza la Seneti lilikikataa kifungu cha kuadhibu mapenzi ya jinsia moja. Mwezi Machi maelfu ya watu waliandamana Bujumbura kukitetea, Bunge likakirudisha, na Rais Pierre Nkurunziza akatia sahihi mwezi Aprili. Adhabu yake ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Tarehe 29 Desemba 2023, katika mazungumzo yaliyorushwa hewani, Rais Évariste Ndayishimiye alisema kwamba watu hao wakionekana nchini wapelekwe uwanjani na kupigwa mawe. Familia nyingi zilisikia maneno hayo zikiwa pamoja, wakubwa na wadogo.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari, nilikuwa nikitayarisha mchezo wa kuigiza na wanafunzi wangu. Mmoja wao, mvulana mwenye sauti nyembamba na kumbukumbu ya kusifika, alikuwa ameshika nafasi ya mama mkwe, na alituchekesha sote. Siku hiyo alipoanza kusema maneno yake, mtu nyuma ya darasa alitamka moja ya maneno yale niliyoyataja, na mwingine akaongeza neno "mawe". Darasa likacheka. Kijana alimaliza sentensi yake, akaketi, na hakuigiza tena mwaka ule. Mimi nilikemea, kisha nikaendelea na somo. Hata leo naona kwamba sikufanya ya kutosha. Juu ya kijana yule sijui lolote ila kwamba ana sauti nyembamba, na wenzake hawakujua zaidi yangu. Mtazamaji wa All in the Family alifundishwa somo hilo tangu 1971. Darasa langu halikuwa limefundishwa na mtu, nami mwalimu wao nikiwemo.

Ndugu walimu, hatuwezi kuchagua vipindi vinavyoingia majumbani, wala sheria si kazi yetu. Kazi yetu ni kuwafundisha vijana kusoma, na picha nayo husomwa. Wanafunzi wanapomcheka mhusika, tuwaulize ni nani aliyewapangia wacheke. Wanapomwona ameadhibiwa mwishoni, tuwaulize kama adhabu hiyo imetokana na matendo yake au imewekwa ili hadithi ipite. Na neno la dharau linapotamkwa darasani, tulisimamishe pale pale, tulichambue kama tunavyochambua neno lingine lolote: limetoka wapi, nani hulitumia, na humfanya nini anayeitwa kwalo. Wahenga walisema kwamba ulimi unauma kuliko meno. Mwalimu wa lugha asipolifundisha hilo, sijui ni nani mwingine atakayelifundisha.